Fito Zilizobaki Katika Plafo

Asifiwe mwanangu,

Mwezi wa tano, siku ile masasi ya bunduki yalifika mpaka barabara ya soko, nilipoteza fito zangu kumi za kupitishia waya, ngazi moja, mpira wa maji wa kupimia usawa, wa mita kumi na tano, na mabati yote ya nyumba yetu ya Mudzipela, thelathini na mawili. Hiyo ni hesabu yangu mwenyewe na hakuna mtu wa kunisahihisha. Toka siku ile nilipoteza pia kitu ambacho sijui kukipima: namna ulivyokuwa ukiniongelesha. Ulikuwa mtoto wa kubishana nami toka asubuhi mpaka chungu kinashuka jikoni. Sasa miezi imepita, na kwako ninapata maneno yale yale tu: ndiyo mama, hapana mama, haina neno.

Kesho unapanda ndege kwenda Kisangani kwa mujomba wako. Nilikuwa nimejipanga kukuacha uende hivyo hivyo, na haina neno yako. Lakini leo mchana nimezipata fito. Zote kumi. Na juu ya namna nilivyozikuta, nimeketi kukuandikia, weye ukiwa hapo nyuma ya pazia la chumba hiki tulichopewa kulala, unafunga mfuko wako, unaufungua, unaufunga tena. Ningeweza kukuita. Nimejaribu mara moja, nikakuuliza kama umeweka viatu. Umesema ndiyo mama. Ndipo nikatafuta kalamu.

Mambo ya kufua nguo, ya kuamka mapema, ya kumusaidia mke wa mujomba jikoni, sitayaandika. Unayajua, na ukiyasahau watakukumbusha kwa sauti kubwa. Ninataka kuongea juu ya fito.

Unajua nilivyoingia katika kazi hii, lakini unajua kwa kifupi. Baba yako alikwenda kuchimba Mongbwalu na karai na chepeo, weye ukiwa bado unatambaa, akatuma salamu mara moja, kisha dhahabu ikamumeza. Mimi nikapika maharagi kwa mafundi waliokuwa wanaweka umeme katika nyumba ya masista. Kazi yao inataka watu wawili: mmoja anasukuma ufito ndani ya plafo, kule juu ya dari, ao ndani ya bomba la ukuta, mwingine anangoja upande wa pili, akiona kichwa cha ufito kinatokea anakikamata, anafunga waya, yule wa kwanza anavuta. Asubuhi moja mtu wa upande wa pili alifika amelewa. Mkubwa wao akanitazama na mwiko wangu mkononi.

“Mama wa maharagi, panda pale juu. Ukiona kichwa, ukamate.”

Nikapanda. Nikakamata. Ni kama sijashuka mpaka leo.

Walinicheka, tena sana. “Mwanamuke na plafo, wapi na wapi? Utaangukia mutu na sufuria yako!” Nikawajibu, “Nitakuangukia weye, ndipo utakula bure.” Kicheko kile kiliisha. Kilichobaki ni kingine, ambacho mpaka leo kinanichoma: kazi nikimaliza, mwenye nyumba anauliza, “Fundi iko wapi?” Mimi nimesimama mbele yake, vumbi la plafo kwenye nyusi, na anauliza fundi iko wapi. Nimejenga jina langu katika mji huu waya kwa waya, na bado kuna watu wananiita mama wa kushika.

Kosa langu la kwanza lilikuwa pale pale kwa masista. Walinipa nisukume. Ufito ukaenda mita nne vizuri, kisha ukagonga. Mimi nikaweka bega. Ukalia ndani ya bomba kama ukuni mkavu, na kipande cha mbele kikabaki humo. Tulivunja plasta ya ukuta mpya, toka mlango mpaka dirisha. Mkubwa hakunitukana. Alinionyesha kwa mkono wake.

“Ng’ombe ukimusukuma anatembea. Huu ukiusukuma unavunjika. Rudisha kidogo, zungusha, usikilize iko nini kule mbele. Pengine ni kona tu.”

Nilielewa haraka kwa mabomba. Toka siku ile sikuvunja tena ufito wa mtu. Nilipopata zangu, zile za njano zilizotoka Kampala, kila moja mita moja, na kichwa cha shaba cha kuunganisha moja na nyingine, nilizipaka mafuta kama mtu anavyompaka mtoto. Lakini kusikiliza iko nini kule mbele, kwa watu, hilo lilinichukua muda mrefu zaidi, na weye ndiye uliumia.

Sasa turudi mwezi wa tano, weye ukiwa ndiye mtu wangu wa upande wa pili. Siku hiyo majirani walikuwa wanapita na magodoro kichwani, wote kuelekea kiwanja cha ndege kutafuta ulinzi. Weye ulisimama kwenye kizingiti, ukasema, “Mama, leo hapana. Watu wote wanaenda.” Mimi nikasema, “Watu wote hawana kazi ya kumaliza. Imebaki waya moja.” Na kweli ilibaki moja, ile ya depo, ghala la sabuni la patron Janvier, mwenye kunipa kazi. Yeye mwenyewe alikuwa amekwisha kuvuka kwenda Uganda na familia yake, na mimi nilikuwa bado nashika ahadi niliyompa. Hapo ndipo kichwa changu kilipokuwa. Nilifikiri fundi anayemaliza wakati wengine wanakimbia, huyo hawatamuita tena mama wa kushika.

Tulibishana njia nzima. Mlangoni kwa Janvier ulikuwa umekasirika mpaka hukutaka nikushikie karai la vyombo.

Weye uliingia depo, ukapanda juu ya makartoni ya sabuni, ukapitisha kichwa katika plafo. Mimi nilikuwa katika chumba cha kaunta, juu ya ngazi, kichwa katika plafo hiyo hiyo, upande wangu. Kati yetu ukuta wa matofali unaopanda mpaka kwenye bati, na tundu moja tu la ngumi nililokuwa nimelitoboa juma lililotangulia. Toka mkono wangu mpaka wako, mita tisa na sentimeta arobaini. Nilisukuma ufito wa kwanza, nikauunganisha na wa pili, wa tatu, polepole, mpaka nikasikia sauti yako: “Nakiona kichwa!”

Kisha masasi.

Mlinzi wa patron aliona watu wanakimbia, akavuta mlango wa chuma wa depo, akapiga kufuli, akaenda na ufunguo. Hakujua kuna mtu juu ya makartoni. Nilimuita mpaka koo likakauka. Dirisha depo haina. Ukabaki ndani, mtoto wangu, na bati la jua la saa nane juu ya kichwa chako.

Nilichofanya kwanza sikijutii. Niliona mpira wa kupimia usawa umezungushwa kwenye msumari. Nikarudisha ufito, nikafunga mpira kwenye kichwa chake mahali pa waya, nikausukuma tena kwako. Ulipouvuta, nikashika mwisho wangu juu kabisa, karibu na bati, nikamimina maji ya bidoni, dumu letu la kunywa, kidogo kidogo. Nikasikia unameza.

“Mama, maji iko na ladha ya simenti.”

“Kunywa. Simenti inakaza mutu.”

Ukacheka. Nilisikia kicheko chako kikipita katika tundu la ukuta, na mimi nilicheka, na nje watu walikuwa wanauana. Hicho kicheko ndicho cha mwisho nilichopata kwako, ndiyo maana nimekiweka vizuri.

Sauti za watu wenye silaha zilipokaribia, nilikuambia tunyamaze. Ulikuwa na kamba ile ya kuvutia waya, umeifunga kwenye kichwa cha ufito. Tukapatana: mimi nikivuta ufito kidogo, weye unavuta kidogo, ndipo nitajua uko mzima. Nikavuta, ukavuta. Nikangoja, nikavuta, ukavuta. Sijawahi kushika kitu chenye uzima kama ule ufito.

Kisha nikavuta, na hakuna kitu.

Nikavuta tena. Ufito ulikuwa mgumu kama umepigiliwa msumari. Wazo langu la kwanza unalijua, mama yeyote angelipata hilo. La pili ndilo linanitia haya. Nilifikiri: huyu amekasirika. Huyu ananifundisha, juu ya maneno ya asubuhi, juu ya kumuleta hapa. Ulikuwa na tabia hiyo ya kununa ukiwa mdogo, na mimi nikaichukua tabia ya mtoto wa miaka sita nikaivalisha msichana wa kumi na saba aliyefungiwa katika depo. Na badala ya kurudisha, kuzungusha na kusikiliza, niliweka bega. Nilivuta, nikasukuma, nikatikisa ufito mpaka plafo yote ikapiga kelele.

Masasi yaliporudi kwa nguvu, nilichukua nyundo na burini, ile tindo ya kuvunjia ukuta. Kila waliporusha, nilipiga. Waliponyamaza, nilinyamaza. Patron Janvier alijengesha ukuta ule kwa udongo mahali pa simenti, na ubahili wake ndio uliotuokoa: tofali saba zilitoka bila taabu kubwa. Ukaja ukitambaa, vumbi limekugeuza mwingine kabisa, ukijiambia kwa sauti ya chini, “Kanyaga mbao, si tripleksi, kanyaga mbao, si tripleksi.” Nilivyokufundisha, maana tripleksi ni bao jembamba, haibebi mtu. Kichwa kilikuwa wazi, bila kitambaa. Niliona, sikuuliza.

Nikakupiga kofi.

“Juu ya nini haukujibu? Weye ni kiziwi?”

Ulifungua mdomo. Kisha ukaufunga. Tukashuka ngazi, tukatoka mlango wa nyuma, tukakimbia mpaka kiwanja cha ndege na watu wengine, na kila kitu kikabaki.

Chini ya turubai la kambi ya wakimbizi, pale kiwanjani, nilikuwa na muda mwingi wa kukuuliza. Nilitafuta maji, nilitafuta kuni, niligombana juu ya nafasi katika mstari wa unga, nilifanya kila kitu isipokuwa kukuuliza. Watu walidhani ninahangaika. Nilikuwa ninaogopa. Niliogopa utaniambia: ndiyo, mama, nilitaka uumie kidogo. Na pengine nilistahili. Basi nikaacha. Weye ukaanza haina neno yako, na mimi nikaiona kama jibu.

Leo sasa. Patron Janvier amerudi juma hili, amenenepa, amenitumia mtu nije kumaliza kazi. Nilipofika, hakuniuliza habari ya nyumba, wala yako. Alikuwa amesimama katika chumba cha kaunta, kichwa juu.

“Mama Asifiwe, nani alibomoa ukuta wangu?”

“Ni mimi.”

“Juu ya nini? Waya inataka tundu ya kidole!”

“Waya, ndiyo. Mimi nilipitisha mutu.”

Alinitazama, akakohoa, akaenda kutafuta ngazi mwenyewe. Nikamwambia nitauziba, kwa simenti safari hii, na simenti ni yake.

Unajua, Asifiwe, upande wako sikuwahi kufika. Tukifanya kazi pamoja, mimi nilikuwa upande wa kusukuma siku zote. Leo niliingia depo, nikaweka ngazi pale makartoni yalipokuwa, nikapitisha kichwa mahali ulipopitisha chako. Fito zilikuwa pale. Waporaji walichukua ngazi na mpira katika chumba cha kaunta, lakini hakuna aliyetazama juu. Zilikuwa zimelala katika mstari mmoja, vumbi juu yake sawa na unga, zimepita katika tundu nililolipanua. Na kichwa cha shaba cha ufito wa kwanza kilikuwa kimefungwa kitambaa chako, kile cha kijani chenye maua ya njano. Kimezungushwa mara nyingi, kwa utulivu, kama mtu anavyomfunga kidole mgonjwa. Na juu ya kitambaa, kamba. Na kamba imefungwa kwenye mbao ya plafo kwa fundo letu, lile nililokufundisha kwa waya mzito, linalokaza zaidi kila unapolivuta.

Nilibaki hapo. Patron akaita toka chini.

“Mama, iko nyoka?”

“Hapana, patron.”

“Basi iko nini?”

“Iko mutoto wangu.”

Akageukia mlango wake wa chuma. Akaanza kulalamika. “Angalia vile waliufanya. Walipiga na chuma, walipiga na mawe. Kufuli ikakataa, asante Mungu, sabuni yangu yote ilibaki.” Nilitazama chini. Mlango wa chuma umebonyea mahali pengi, na uko chini kabisa ya pale ulipokuwa umesimama. Mita mbili na nusu, pengine tatu. Walikuwa chini ya miguu yako, na mimi upande wangu, nisiyejua kishindo kile ni cha mlango wako, nilikuwa natikisa kichwa cha shaba juu ya tripleksi, tok tok tok, nikiwaitia.

Ndipo nikaelewa. Ulivua kitambaa ili shaba isigonge. Na niliposhindwa kuacha, ulinifunga kwenye mbao. Mama yako alikuwa anapiga kelele kwa upumbavu, na hukuweza kumwambia anyamaze, basi ukamziba mdomo kwa kitambaa na fundo.

Nilikaa kwenye ngazi ile, na nitakuambia nilichosikia mwilini, kwa sababu ndicho kimenifanya niandike. Nilisikia mabega yakishuka. Toka mwezi wa tano nilikuwa ninatembea na mtoto aliyenichukia kwa muda wa masasi yale. Niliamka naye, nilikula naye, nilikuwa ninakuandaa uende Kisangani nikiwa na yeye moyoni. Kumbe hayuko. Hakuwahi kuwako. Nilicheka peke yangu na kichwa katika plafo, vumbi likaniingia mdomoni, nikacheka tena. Patron alidhani nimeugua. Nilipotoka nilipita mbele ya nyumba yetu isiyo na bati, na mara ya kwanza sikuhesabu kilichokosekana.

Waya ya depo nimeipitisha leo. Peke yangu. Nilisukuma upande mmoja, nikashuka ngazi, nikaizunguka nyumba, nikapanda upande mwingine, nikakuta ufito umeteleza, nikarudi. Taa imewaka mbele ya jua kushuka. Patron aliuliza, “Fundi wa upande wa pili iko wapi leo?” Nilimjibu amesafiri kesho. Akasema sentensi hiyo haiingii. Nikamwambia mimi ninaielewa.

Sikuombi uwe fundi. Nenda kasome unachotaka, hesabu za duka ao dawa ao kitu ambacho hakina vumbi. Fito zinabaki kwangu kwa sababu juma lijalo nina kazi Nyakasanza, na sina mtu wa kunikopesha. Furaha yangu ya kesho ni ya wazi na siifichi: utalala mahali ambapo mlango ukigongwa ni jirani anataka chumvi. Kama ndege ingekuwa leo ningekubeba mgongoni mpaka kwenye kiti.

Kitambaa nimekifua mara mbili. Rangi imebaki. Kiko katika mfuko wako, chini ya viazi vya njiani, utakikuta.

Lakini kofi halijafuliwa. Nilikupiga kwa jambo lililotuokoa sote wawili, na ulikuwa na jibu mdomoni, ukalimeza, na umekaa nalo toka siku hiyo. Nikikaa kimya sasa, nitakuwa nimekupiga mara mbili. Nimekosa, mwanangu. Naandika neno hilo moja, bila kuongeza kwamba niliogopa, ingawa niliogopa.

Sasa kuna jambo moja ninalitaka kwako, na si la kuniandikia toka Kisangani. Mtu wa pikipiki atafika saa kumi na mbili asubuhi. Kabla hajapiga honi, toka nyuma ya pazia hilo, simama mbele yangu, uniambie: kofi lile umeniachia hapa, ao unaondoka nalo? Kama unaondoka nalo, sema unaondoka nalo, nitakubebea mfuko mpaka kwenye ndege hata hivyo. Kama una maneno uliyoyameza pale juu, yaseme yote, nitapika chai nyingi. Ndiyo ya kunipendeza siitaki. Usivute kamba tu, kama siku ile. Na usithubutu kuniambia haina neno. Saa kumi na mbili, Asifiwe, kwa mdomo wako: umenisamehe, ndiyo ao hapana?